Redio ya Kwapani

Kuna mtu mmoja tu ambaye nilishindwa kumwambia kwa simu kwamba mama yangu amefariki. Wengine wote niliwapigia, au walisoma kwenye grupu ya WhatsApp, wakatuma vile vimikono vya kuomba, yakaisha. Huyu hana grupu. Anaishi Ruiru kwa binti yake, ana presha, na binti yake aliponiambia, "Dada, mimi siwezi, njoo umwambie wewe," nilijua kazi imenifikia. Huyu mama ndiye aliyewapelekea watu wa Makongeni, mtaa wetu wa Thika, habari za vifo vyao kwa miaka mingi, na alikuwa na namna yake ya kuzipeleka. Huwezi kumwendea mtu kama huyo ukabwaga habari ovyo ovyo.

Tulimwita Mama wa Redio. Jina alikuwa nalo, na hata kitambulisho, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni kina nani, hayo waulize watu wa kwao. Mimi nilipopata akili nilimkuta tayari yupo, mlango wa pili kutoka kwetu, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na redio iko kwapani.

Redio ilikuwa ya mumewe, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Mume alifanya kazi shifti ya usiku katika kiwanda kimoja cha nguo pale Thika. Alirudi asubuhi watu wengine wakitoka, akanywa chai, akalala mpaka jua lianze kushuka. Nyumba zetu zilikuwa za chumba kimoja. Mke mwingine angeizima redio akakaa kimya siku nzima kama yuko hospitali. Huyu alitoka nayo nje. Ikawa redio inakwenda naye mferejini kuchota maji, inakwenda naye kwenye kamba ya nguo, inapanga naye foleni ya mafuta ya taa. Akiingia chooni aliiacha mlangoni ikiongea peke yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kitufe cha ile redio kilikuwa chake, nasema chake kabisa. Wanaume wazima walikuwa wakimwomba aongeze sauti, naye akifikiria kwanza.

Siku hizi nasikia watu wakisema zamani hapakuwa na la kusikiliza, stesheni moja tu, ya serikali. Wananikasirisha sana. Stesheni moja ilitosha kwa sababu ilikuwa na kila mtu ndani yake. Asubuhi wimbo wa taifa na sala, na mimi kama bado sijavaa soksi wakati wa sala nilijua nimechelewa. Kisha taarifa ya habari, kisha salamu, kisha vipindi vya shule, mambo ya akina mama, ukulima, mpira, mchezo wa kuigiza. Vyote vilipita mbele ya mlango wetu vikiwa kwapani mwa mtu mmoja.

Vipindi vya shule ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Mwalimu wa redioni alikuwa akiuliza swali, halafu ananyamaza kidogo ili watoto walio madarasani wajibu. Mama wa Redio alijibu. Mikono imo kwenye karai la nguo, povu mpaka kwenye viwiko, anajibu kwa sauti kuhusu milima na mito na wadudu wanaosaidia mimea. Mwalimu alisema, "Vizuri sana," naye akatabasamu. Mama yangu, ambaye hakuweza kuacha jambo lipite, alimwambia kwamba huyo mwalimu husema vizuri sana hata usipojibu kitu. Mwenzake akasema, "Ndiyo maana nampenda. Wa kwetu alikuwa anachapa."

Sasa, asifikirie mtu kwamba alikuwa anaamini kila kitu. Habari za nchi za nje aliziamini zote. Utabiri wa hali ya hewa hakuuamini hata siku moja. Redio ikisema mkoa wa kati utakuwa na mvua, anatazama juu, anasema huyo kijana hajatoka nje leo, anaanika blanketi. Mara nyingi zililowa. Kwenye ukulima ndiyo kulikuwa na maajabu. Hakuwa na shamba. Alikuwa na matuta machache ya sukuma wiki nyuma ya vyoo, basi. Lakini mwanamume aliyeleta maziwa kutoka Kalimoni alikuwa akisimamishwa kila wiki na kuelezwa namna ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, na jinsi ya kumkagua miguu, mpaka akaanza kupitia njia ya nyuma. Mama yangu alipomcheka, Mama wa Redio alisema yeye anapitisha tu alichoambiwa, na maziwa ya huyo bwana yana maji, kwa hivyo mtu amsaidie.

Kipindi cha salamu kilimjaza furaha isiyo na sababu. Aliwajua watu wa nchi nzima kwa majina ya utani waliyojipa, fulani wa Taita anayemsalimu fulani wa Kisii, na mtu akikosekana wiki mbili aliuliza kama ni mgonjwa. Angemuuliza nani, sijui. Alituuliza sisi. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutuma kadi hata moja. Nikiwa msichana wa shule ya upili nilijitolea kumwandikia. Alikataa. Akaniambia kwamba mtu akituma salamu lazima awataje wachache, na wale wasiotajwa watasikia, na yeye anakaa nao hapa mferejini kila siku, sasa atawatazama vipi? Nilidhani ni visingizio. Sasa nina grupu za WhatsApp, nimemwelewa.

Ugomvi wake na mama yangu ulikuwa mmoja, na ulidumu miaka: muziki. Mama alipenda rumba kupita kiasi. Mama wa Redio alisema muziki unakula betri. Sijui alilitoa wapi hilo, lakini hakuna fundi ambaye angemtoa kwenye imani hiyo. Betri zake zikichoka alizianika juu ya bati, zimejipanga zikiota jua, na sisi watoto tulikatazwa hata kutupa mpira upande huo. Basi zikiisha kuota jua na kupata nguvu kidogo, nguvu hiyo ilikuwa ya taarifa ya habari, siyo ya magitaa. Jumamosi mchana ikifika saa ya muziki, anashusha sauti mpaka inabaki mnong'ono. Mama yangu anaacha alichokuwa akipika, anasimama mlangoni, anaanza kuimba mwenyewe, kwa sauti kubwa na mbaya, kiuno kinaenda. Anaimba mpaka yule mwenzake anasonya na kuongeza sauti. Wimbo mmoja tu. Ukiisha, sauti inarudi chini, na mama anarudi jikoni ameshinda.

Lakini nilitaka kueleza ile kazi yake ya kupeleka habari za vifo.

Baada ya taarifa ya habari ya mchana yalikuja matangazo ya vifo. Wale wadogo hawawezi kujua uzito wake. Makongeni ilikuwa na watu wa kila mahali, waliokuja kwa sababu ya viwanda, na simu hakuna. Mzazi wako akifa Kakamega au Kitui, ndugu zako walikwenda redioni, na wewe ulilisikia jina lake pamoja na taifa zima. Msomaji alitaja marehemu, akataja jamaa, kisha akasema: habari ziwafikie fulani wa Mombasa, fulani wa Nakuru, fulani anayefanya kazi Thika. Saa hiyo mfereji ulinyamaza. Hata maji yalifungwa. Na jina likiwa la mtu wa kwetu, Mama wa Redio aliijibu redio, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo. Alisema, "Zitafika."

Kisha anazima, anaiweka redio kwapani na kuondoka.

Hakupiga kelele, hakutuma mtoto. Kama mwenye msiba alikuwa kazini, alikwenda kusimama kwenye geti la kiwanda mpaka king'ora kilie na watu watoke. Kama ni mke aliye nyumbani, aliingia, akaiweka redio mezani ikitazama ukuta, akawasha jiko, akabandika chai. Hakusema neno. Yule mwanamke aliyeongea na redio, na mawingu, na ng'ombe wa watu, alikaa pale kimya kabisa. Mwenye nyumba ndiye aliyesema mwenyewe. "Ni baba?" Naye anaitikia, "Ni baba." Mama yangu alimuuliza siku moja kwa nini hawaambii tu. Akasema jina la mtu wako lisitoke kwanza kwa mdomo wa mtu mwingine, litoke kwako, halafu yeye atakuwa hapo. Alikaa mpaka jamaa wafike. Siku zikipita alirudi mlangoni na redio, akauliza kama sasa anaweza kufungulia. Ukisema bado, alipita na sauti chini.

Kwa hivyo tulijua, wote, mpaka wenye maduka. Mama wa Redio akipita na redio inaongea, mambo ni sawa. Akipita nayo kimya, unaomba asisimame kwako.

Ndiyo maana ile siku ya betri haisahauliki. Betri zilimfia mferejini, katikati ya kipindi cha akina mama, naye akaenda kununua nyingine kwenye duka la Mhindi pale kona. Hakufikiria. Njia ilimpitisha mbele ya nyumba ya Mama Mutua, ambaye baba yake alikuwa mgonjwa sana Machakos. Mama Mutua aliinua macho, akaona redio inakuja kimya, sufuria ikamtoka mkononi. Alipiga nduru mpaka mume wa Mama wa Redio akaamka, yule ambaye tulikuwa tukimlindia usingizi miaka yote. Wanawake walikuja mbio. Mama yangu alifika kitambaa kimeshatoka kichwani. Mmoja alikuwa ameshaanza kumwombea marehemu pumziko, na nyuma yao wote Mama wa Redio anapaza sauti kwamba ni betri, jamani, ni betri, na hakuna anayemsikia. Baada ya wiki chache yule mzee wa Machakos alikuja mwenyewe kututembelea, na kuku wawili, na maembe. Watu walimshika mkono kwa muda mrefu kidogo. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Tangu siku hiyo akawa na desturi nyingine. Betri zikimwishia njiani, yeye mwenyewe aligeuka redio. Alitembea akitangaza, kwa ile sauti nzito ya wasomaji wa taarifa, kwamba hii ni idhaa ya taifa, kwamba mama fulani ameanika na mawingu yanakuja, kwamba sukuma za sokoni leo ni za jana, kwamba salamu ziwaendee akina mama wote waliokaa kwenye ngazi bila kazi. Alitangaza mpaka dukani, akanunua betri, ndipo akanyamaza. Haki ya Mungu, nimesikiliza redio maisha yangu yote na sijasikia taarifa bora kuliko zile.

Kuna mara moja tu mtu mwingine aligusa kile kitufe. Mumewe alifia kazini, alfajiri, shifti ikikaribia kuisha, moyo tu. Wanaume wa kiwandani hawakujua watamwambiaje. Walikuja kwetu kwanza, wakasimama mlangoni na kofia mikononi, wakamwambia mama yangu. Mama alivaa viatu akaenda mferejini. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo. Mama wa Redio alikuwa anachota maji, redio iko kwapani, wanasoma habari za asubuhi. Mama hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akazungusha kitufe, redio ikazima. Walitazamana. Maji yalijaa, yakamwagika miguuni mwao. Akasema, "Ni yeye." Mama akasema, "Ni yeye." Wakaja nyumbani kwetu, na mama akabandika chai.

Baada ya hapo hakukuwa tena na mtu wa kulala mchana, na angeweza kusikiliza redio ndani kama watu wote. Hakufanya hivyo. Aliendelea kutoka nayo.

Mambo yalibadilika polepole, kama yanavyobadilika. Kiwanda kilifungwa. Watu walihama. Zikaja stesheni nyingi, za Kikikuyu, za Kikamba, za vijana wanaocheka wenyewe kwa wenyewe, kila nyumba ikajifungia na yake. Kisha simu. Mtu anajulishwa msiba wake akiwa dukani anachagua sabuni. Mama wa Redio aliendelea kuyasikiliza matangazo ya mchana, akingoja jina la mtu wa kwetu, na wa kwetu walikuwa hawatangazwi tena. Binti yake alipojenga maisha Ruiru akamchukua. Siku ya kuhama alikuja kwetu na redio, akaiweka mapajani mwa mama yangu. "Chukua. Si ulikuwa unataka muziki?"

Mama akaichukua. Aliinunulia betri mpya, na kwa miaka yote hiyo hakusikiliza taarifa ya habari hata moja. Rumba asubuhi, rumba jioni. Nilipoingia chumbani mwake baada ya kutoka mochari, nilikuta iko juu ya kabati, betri zimetolewa na kuanikwa dirishani. Nilikaa kitandani nikalia pale, kwa mara ya kwanza tangu afe.

Halafu nikaichukua. Nilijua nikifika Ruiru mdomo wangu utashindwa, na ile redio ingeweza kusema bila mimi.

Nilishuka stegi ya matatu nikapita katikati ya Ruiru nayo kwapani, kimya. Hakuna aliyeshtuka. Watu walinunua ndizi, walipiga simu, spika za maduka zilikuwa zikipigana. Kijana wa bodaboda aliniuliza, "Mathe, hiyo ni ya kuuza ama ni ya museum?" Nikamwambia si ya kuuza. Niliwaza kwamba zamani barabara nzima ingesimama, na nikawakasirikia wote, hata wale wa ndizi ambao hawakunikosea kitu.

Alikuwa amekaa kwenye veranda ya ghorofa ya chini, anachagua maharagwe kwenye ungo. Amekonda, kitambaa cheupe kichwani, lakini bado mrefu hata akiwa amekaa. Binti yake alikuwa mlangoni nyuma yake, na aliponiona aliingia ndani haraka. Mama wa Redio aliinua macho. Alitazama uso wangu, kisha akatazama redio. Vidole vyake vilisimama kwenye maharagwe.

Hakuniuliza. Aliweka ungo chini, akainuka akishika ukuta, akaingia jikoni. Nilimsikia akiwasha gesi. Nikaiweka redio kwenye meza ya sebuleni na kuigeuza itazame ukuta, kama alivyokuwa akifanya, nikakaa. Alirudi na chai, akatumiminia, akakaa mbele yangu.

Basi tukangojana. Mimi nilikuwa nimeleta redio kimya, kwa hivyo ni yeye aliyepaswa kutaja jina. Lakini mfiwa ni mimi pia, na yeye alishika desturi yake, akanyamaza ili nitaje mimi. Chai ilipoa. Nyumba ya jirani walikuwa wakitazama tivii.

Mwishowe alisema, akiitazama redio, "Alikuwa anafungulia muziki?"

"Kila siku, Mama."

"Ikawa inakula betri."

"Sana."

Alicheka kidogo, na machozi yakaanza kumshuka hapo hapo kwenye kicheko, bila yeye kuyapangusa. Akasema huyo mama yangu alikuwa mwimbaji mbaya kuliko wote aliowahi kusikia. Nikasema ni kweli. Akauliza kama aliumwa sana, nikamwambia hapana, alilala mchana akingoja betri ziote jua, hakuamka. Akauliza tunazika lini, nikamwambia Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi huku nasikiliza redio ya binti yangu kila siku mchana," alisema. "Sikusikia tangazo."

Nikamweleza kwamba hatukupeleka. Siku hizi watu wanapigiwa simu, wanatumiwa ujumbe. Nilijisikia nikiongea haraka haraka.

"Hata mimi najua za siku hizi. Lakini mama yako asiende bila kutangazwa." Alinyoosha mkono, akaigeuza redio kutoka ukutani, ikanitazama. "Tangaza."

Nilidhani sitaweza. Nilikaa wima, nikashika magoti, nikaitafuta ile sauti nzito ya wasomaji wa taarifa, ile niliyoisikia kwake zaidi ya kwa redio yenyewe. Nikasema tunasikitika kutangaza kifo cha mama, nikataja majina yake, la ubatizo na la nyumbani. Nikataja marehemu baba, nikataja ndugu zangu mmoja mmoja na mahali walipo, nikataja wajukuu. Nikasema mazishi ni Jumamosi. Sauti ilikatika mara mbili, naye akangoja, kama alivyokuwa akimngojea msomaji redio ikikoroma.

"Habari ziwafikie," nikasema, "jamaa wote wa Kalimoni na Thika. Zimfikie Mama Mutua popote alipo. Na zimfikie rafiki yake wa mferejini, Makongeni, ambaye sasa yuko Ruiru."

Alikaa akitazama redio mpaka alipohakikisha tangazo limekwisha. Kisha akaijibu, kwa sauti ya kawaida.

"Zimefika."